Tuta Lililonyolewa

Jumapili, tarehe 4

Wamempa bonde binti yangu. Mkutano mzima umenyoosha mikono, mpaka mwenyekiti wa mtaa akaacha kuhesabu akasema, basi, tumeona. Haya, sasa ndiyo nikusalimu, kitabu changu. Hujambo? Salamu ilikuwa inanichelewesha.

Bonde lenyewe ni lile la majani, nyuma ya mtaa wetu. Mvua zikija, maji ya kijito huingizwa humo kwa mfereji, yakatuama, na udongo ukayanywa taratibu. Visima vyetu vyote vinaishi kiangazi kwa hicho kilichonywewa. Majani hukatwa mara moja tu, mbegu zikishadondoka, na kila nyumba hupata fungu la mifugo yake. Upande wa chini kuna tuta la udongo la kuzuia maji, na katikati ya tuta kuna lango la mbao. Msimamizi ndiye mwenye kusema mbao zipande au zishuke. Na msimamizi sasa ametoka tumboni mwangu.

Aliyekuwa na kazi hiyo ni Tofali, mfyatua matofali, mwenye tanuri chini ya tuta. Mwaka jana alifungua lango mvua zikiwa bado mbichi, ili maji yasituame na kupenya chini ya tuta, kiwanja chake kikalowa, na visima vikatukaukia mapema. Sasa anataka bonde lipasuliwe mtaro wa kudumu, likauke moja kwa moja, apate udongo wa kufyatulia. Wapo wanaomuunga mkono, hasa wenye hamu ya viwanja. Mkutano ukakata shauri hivi: tuta likishika mpaka mvua ziishe, bonde linabaki bonde. Likivunjika, mtaro unachimbwa, na neno hilo halirudishwi mkutanoni tena.

Binti yangu alisema neno moja: "Nimekubali." Yeye si wa maneno. Ni fundi bomba. Wenzangu wana mabinti wa kupaka rangi kucha. Wangu anaingia chini ya sinki la mwenyekiti na kutoka na sababu mkononi. Mtaa mzima unamwita Fundi, na mimi nimekuwa Mama Fundi, jina ambalo halinichubui hata kidogo.

Wifi yangu, dada wa mume wangu, alinipa mkono kwa vidole viwili. "Hongera, wifi. Mgema akisifiwa." Methali yenyewe hakuimalizia. Wivu ni ugonjwa, na yule hajapata dawa.

Jumanne, tarehe 6

Mawingu, mvua hakuna. Wauza mboga wote sokoni wameshajua habari ya mwanangu. Muuza samaki alikuwa hajui. Sasa anajua.

Ijumaa, tarehe 9

Leo nimefanya kazi ya watu kumi. Jumapili lango linafungwa kwa mara ya kwanza chini ya Fundi, na mtaa wote utakuja kutazama. Yeye mwenyewe yuko kazini, anafunga mabomba kwenye jengo jipya, atarudi kesho. Nikaenda kulitazama tuta, roho ikanishuka. Limejaa matete na magugu, kama kichwa cha mgonjwa. Nikasema mwanangu hasimami juu ya kichaka mbele ya watu.

Kwetu ua wa mtu mwenye heshima hauna jani. Mgeni akija, anakuta udongo mweupe na mistari ya ufagio. Kwa hiyo nikawakusanya kina mama, na wote walikuja, kwani ni nani wa kunikatalia wiki hii? Tulifyeka, tukang'oa mashina na mizizi yake yote, tukafagia juu mpaka chini. Tuta sasa linang'aa kama limetoka kwa kinyozi.

Aliyegoma ni wifi peke yake. Nyumba yake ndiyo ya mwisho, kwenye ncha ya tuta, na matete yale yamesimama nyuma ya bafu lake. Alitoka na kanga ya kuogea, povu masikioni, akasema hayakatwi. "Bafu langu halina mlango, wifi. Unataka mtaa mzima unihesabu mbavu?"

Kina mama walicheka hadi wakakaa chini. Nikamwambia basi bakia na pori lako, uliaibishe tuta. Na kweli limebaki limeharibika ncha ile moja, kama nywele alizosahau kinyozi nyuma ya sikio.

Jumamosi, tarehe 10

Sitaandika mengi.

Fundi alirudi saa tisa. Nilimshika mkono nimpeleke mwenyewe, nione uso wake. Alilitazama tuta kutoka ncha hii mpaka ile. Akainama, akachukua udongo, akaubana, ukamwagika kati ya vidole. Akauliza ni nani aliyesema yang'olewe. Kina mama wote wakanitazama mimi.

"Mama," akasema, "mizizi ndiyo iliyokuwa ukuta."

Hakupandisha sauti. Angepandisha, ningejua pa kushika. Alikwenda kuvaa buti zake, akarudi na koleo, akaanza kushindilia udongo peke yake.

Jumapili, tarehe 11

Lango limefungwa. Watu walipiga makofi, wakasifu tuta lilivyo safi. Fundi hakutabasamu. Niliwaona waliokuwa wakisifu na nikatamani wanyamaze, jambo ambalo halijanipata tangu nizaliwe.

Jumatano, tarehe 14

Mvua.

Alhamisi, tarehe 15

Mvua.

Ijumaa, tarehe 16

Mvua tangu asubuhi. Maji ya bonde yamefika magotini mwa ndege wale wenye miguu mirefu. Udongo wa tuta unateremka vijito vidogo vidogo, vyekundu. Nyumbani Fundi amesema nami maneno haya tu: "Chai ipo?" Ipo. Nilitia tangawizi jinsi anavyoipenda. Akanywa amesimama.

Jumapili, tarehe 18

Ufa. Uko juu ya tuta, karibu na lango, unaingia mkono. Tumeshinda tukijaza magunia mchanga. Kila anayepita anatuambia usipoziba ufa utajenga ukuta, kama vile methali inajaza gunia. Nilimuuliza mmoja wao kama amekuja na koleo au na busara tu. Akaendelea na safari yake.

Tofali naye alipita, mwavuli begani, suruali imekunjwa vizuri. Akalitazama tuta kama mtu anayepima kitambaa cha suti. "Mama Fundi," akasema, "kinyozi wako hana mchezo." Wafanyakazi wake wakacheka. Nilikuwa na majibu kama matatu hivi, yote makali, nikayameza. Yalikuwa machungu kuliko mwarobaini.

Jioni mume wangu, ambaye anashona viatu na husema kama analipia kila neno, aliniambia bila kuinua macho: "Mke wangu, ulimi nao una siku ya mapumziko."

Jumatano, tarehe 21

Mvua ndogo. Ufa haujakua. Nimelala vizuri kidogo.

Jumamosi, tarehe 24

Ufa umekua.

Leo nimemfuata Fundi pale langoni, nikamsihi atoe mbao mbili tatu, maji yapungue, tuta lipumue. Nilimwambia hata Tofali hatamlaumu, watu watasahau, visima si lazima vijae mwaka huu. Nilimwambia sitaki wamuondoe kwa aibu. Nilisema mengi. Alikuwa akipigilia kigingi, akangoja nimalize.

"Mama, nikifungua, tuta litabaki na bonde litaondoka. Sasa nitakuwa nalinda tuta la nini?"

Nikarudi nyumbani. Njiani nikajiuliza, tangu amechaguliwa, nimeshawahi kumuuliza kwa nini alilitaka bonde? Nilikuwa nalivaa jina lake tu, kama kitenge kipya. Leo amenijibu swali ambalo sikuuliza.

Jumatano, tarehe 28

Mvua usiku, jua mchana. Nimebeba udongo tangu asubuhi. Mgongo si wangu.

Jumapili, tarehe 1, mwezi mpya

Watu wanapungua kwenye kazi. Walioinua mikono siku ile mkutanoni sasa wana wagonjwa, wana wageni, wana magoti. Mmoja alisema mbele yangu kwamba mtoto wa watu alipewa mzigo mkubwa kuliko shingo yake. Zamani ningemvua nguo kwa maneno. Nikamwambia kama shingo ni ndogo, asaidie kubeba. Hakusaidia, lakini hakusema tena.

Jumanne, tarehe 3

Vidole vimechubuka, herufi zitanisamehe.

Mvua ilianza alfajiri na haikuwa ya kunyesha, ilikuwa ya kumwagwa. Nilikuwa jikoni. Nikasikia mtu anapiga sufuria huko bondeni, ile ya kuitana. Nikaacha uji motoni nikakimbia.

Tuta lilikuwa limebonyea. Kando ya lango, pale pale nilipong'oa kwa mikono yangu mwenyewe, kipande kilikuwa kimekaa chini kama ng'ombe aliyechoka, na maji yalikuwa yanapita juu yake, membamba, ya rangi ya chai. Fundi alikuwa amesimama ndani ya maji mpaka kiunoni, mgongo kwenye magunia, akiyazuia kwa mwili wake. Baba yake alikuwa upande wa pili. Sikujua kuwa mzee yule bado ana nguvu hizo.

Tulikuwa wachache. Magunia yaliisha. Mchanga ukatupwa ukaondoka na maji kama sukari. Nikalitazama tuta upande wa kwa wifi, kule kwenye pori nililolicheka, na hakuna hata bonge moja lililokuwa limesogea. Lilikuwa limesimama tu, matete yameinamia maji.

Tofali alikuwa chini, kwenye kiwanja chake, na wafanyakazi wake, wakifunika matofali mabichi kwa turubai. Aliona kila kitu. Likivunjika, mtaro ni wake. Fundi alimwita kutoka pale majini, na sauti ile nilikuwa sijawahi kuisikia kwake.

"Bwana Tofali! Likivunjika utapata mtaro. Lakini maji yatapita tanurini kwako kwanza."

Alisimama. Nilimwona akitazama tanuri, halafu tuta, halafu tanuri tena. Mimi hapo ningekuwa nimemtukana mpaka ukoo wake. Fundi akarudisha mgongo kwenye magunia. Akamwacha na hesabu yake. Halafu Tofali akavuta turubai kwa mkono mmoja, akawaambia vijana wake wapakie matofali mabichi kwenye matoroli. Matofali ya wiki nzima, hayajaona moto. Tuliyatupa kwenye pengo, yakalainika yakawa udongo mzito, yakashika. Sijui kama alikuja kwa ajili yetu au kwa ajili ya tanuri. Maji hayakuuliza.

Yakashika, lakini hayakukaa. Kila tukirundika, yalianza kuteleza. Fundi akasema kinatakiwa kitu cha kuyafunga pamoja. Sikuthubutu kumtazama.

Ndipo nikamwona wifi. Alikuja kwa juu ya tuta, anayumba, na kichwani amebeba mzigo mkubwa kuliko yeye, unachuruzika tope mpaka machoni. Matete yake. Aliyachimbua na mashina na mizizi na udongo wake, yale ya nyuma ya bafu. Nyuma yake jirani zake wawili, nao wamebeba.

"Sogea, wifi," akaniambia. "Leo mbavu zangu ni za mtaa mzima."

Nilisogea. Halafu nikarudi, nikapokea mzigo. Tulipanga matete kwa kulala, udongo juu, matete tena, udongo tena, kama mtu anayesuka ukili. Mizizi ikashika matofali, matofali yakashika magunia. Sikumbuki nani alikuwa kando yangu. Kuna wakati nilishika mkono nikidhani ni shina, ukawa mkono wa wifi, nao haukuniachia mara moja.

Mvua ilipungua alasiri. Maji yalipita juu ya tuta kidogo, halafu hayakupita. Fundi alitolewa majini, midomo ya bluu. Nilimfunika kanga yangu yenye tope. Aliniegemea. Uzito wake wote, kama alipokuwa mdogo na homa. Uji uliungua, sufuria nimeitupa.

Alhamisi, tarehe 5

Mvua ndogo. Limeshika. Fundi ana kikohozi. Amekunywa chai ameketi.

Jumapili, tarehe 8

Mkutano. Wenye hamu ya viwanja walikuja mapema, wakakaa mbele. Walisema maji yalipita juu ya tuta, kwa hiyo limevunjika, kwa hiyo mtaro. Mwenyekiti akageuka kwa Tofali, kwa kuwa mtaro ni yeye aliyeutaka. Nilishikilia benchi.

Tofali alijikuna shingo. Akasema hapendi bonde na hajaanza kulipenda. "Lakini lilibonyea tu. Lingevunjika, nisingekuwa na tanuri, na leo mngekuwa mnanipa pole hapa." Kisha akasema masharti hayajaisha, mvua bado zipo, na yeye anaangalia.

Ndipo mmoja wa mbele akasimama kuuliza ni nani basi aliyelinyoa tuta, maana huyo ndiye aliyetaka kutuzamisha. Kila mtu pale alijua. Nilianza kuinuka. Fundi alinitangulia.

"Tuta liko chini yangu," akasema. "Lililofanyika juu yake ni langu."

Nilitaka kusema. Maneno yalikuwa yamejaa mpaka kwenye meno. Mkono ukanivuta kwa sketi, wifi huyo. "Kaa, wifi," akanong'ona. "Mwachie neno lake. Amelinunua kwa kuloa."

Nikakaa. Mkutano ukaisha hivyo: tungoje mvua ziishe.

Jumatano, tarehe 11

Nimempelekea wifi shuka langu zuri, lile lenye maua, alitundike bafuni. Alisema maua ni makubwa mno, atafikiri anaoga harusini. Akalipokea.

Jumapili, tarehe 15

Mvua ya mchana kutwa. Sote tulikaa juu ya tuta tukiitazama. Limeshika.

Jumatatu, tarehe 16

Mvua.

Jumanne, tarehe 17

Mvua. Tofali alikuja na toroli la udongo, akamwaga, akaondoka bila kusalimu. Asante ya Fundi iliukuta mgongo wake.

Ijumaa, tarehe 20

Matete tuliyoyalaza yameanza kuchipua. Vichipukizi vya kijani, vyembamba, vinatoka kwenye matofali ya Tofali. Nilimwita Fundi aje aone. Tulichuchumaa wawili, magoti yetu yakigusana. Akaniambia kwa nini alilitaka bonde: kazini kila siku anafungua mabomba makavu katika nyumba za watu, na mwenye nyumba anamtazama kama yeye ndiye aliyeyanywa maji. Amechoka kuwa fundi wa mabomba matupu. Kwa mara ya kwanza sikuwa na la kuwapelekea sokoni. Hili nilitaka libaki nyumbani.

Jumatano, tarehe 25

Manyunyu tu. Maji ya bonde yanashuka taratibu, yanakwenda chini na si nje, na ndivyo yanavyotakiwa.

Jumapili, tarehe 29

Wiki nzima anga ni safi. Sithubutu kuandika kwamba zimeisha.

Jumatano, tarehe 2, mwezi mwingine

Manyunyu asubuhi. Ninayaogopa kama mvua.

Jumapili, tarehe 6

Zimeisha. Mwenyekiti ametangaza kwenye mkutano, Tofali akiwepo, amekunja mikono: tuta limeshika, bonde linabaki bonde. Wa mbele walitoka bila kuaga. Tofali alibaki mpaka mwisho, akamuuliza Fundi kama msimu ujao atamjulisha kabla ya kufunga lango, ahamishe matofali mapema. Fundi akasema atamjulisha. Hayo ndiyo mapatano yao, wala hayana asali.

Kamba ya kisima chetu imekuwa fupi, ndoo inagusa maji karibu. Nilichota hata bila haja.

Lakini kazi haijaisha. Tuta bado ni kipara kuanzia langoni mpaka kwetu, na matete lazima yapandwe sasa, udongo ukiwa laini, yashike kabla ya mvua zijazo. Mbegu yake ni mashina yaliyosalia kwa wifi. Amekubali kuyatoa, kwa masharti yake, na masharti ni mengi.

Jioni Fundi alikuja jikoni, akaketi kwenye kigoda, akavua buti. Akasema watu wanatakiwa wote, hata waliokimbia, hata wa mbele, maana atakayepanda kwa mkono wake hatakuja kung'oa. Akasema yeye kuita watu hajui. "Mama, wewe ndiye mwenye mdomo. Nenda ukawaite."

Basi nimezunguka nyumba kwa nyumba mpaka giza likaingia. Nimesema alichonituma, sikuongeza sifa hata chembe, ingawa kwa muuza samaki nilikaribia kuanguka. Nimegonga hata kwa yule aliyesema shingo ni ndogo. Nimeshuka mpaka tanurini, nikamwambia Tofali naye nafasi yake ipo, kando ya lango. Akasema ataona. Nikamwambia aone akiwa amekuja na koleo.

Nami nimeomba kipande changu, pale pale palipobonyea. Fundi amenipa.

Ni Jumamosi hii, tarehe 12, asubuhi, umande ukiwa bado chini. Wote wanakuja.